Mkutano Usiofunguliwa: Vienna, 1814

Mkutano Mkuu wa Vienna haukufunguliwa kamwe. Neno hili laweza kumshangaza msomaji aliyezoea kulikuta jina lake vitabuni kama mzazi wa mikutano yote ya madola, walakini ndivyo ilivyokuwa. Mkataba wa Paris wa tarehe 30 Mei 1814, uliofuata kushindwa kwa Napoleon, uliagiza madola yote yaliyoshiriki vita yapeleke wajumbe Vienna katika muda wa miezi miwili. Miezi miwili ikapita bure. Ufunguzi ukatarajiwa mwanzo wa Oktoba. Tarehe 8 ya mwezi huo likatoka tangazo la kuuahirisha mpaka Novemba mosi. Na Novemba mosi ilipowadia, wajumbe walitakiwa waonyeshe hati zao za utambulisho, basi. Mashauri yenyewe yalifanywa faraghani, baina ya wakubwa wanne, kisha watano Ufaransa ilipokwisha kukubaliwa, na katika kamati zilizochaguliwa kwa kazi hii au ile. Baraza la wote halikuketi hata siku moja.

Wajumbe wa madola madogo, ambao walikuwa wengi, wangekutana wapi basi na wakubwa wao? Walikutana katika dansi, katika karamu, katika mawindo, na katika muziki. Mzaha mashuhuri unaonasibishwa na mzee de Ligne, kwamba mkutano ule ulicheza lakini haukwenda mbele, hutajwa kama kwamba mchezo ulikuwa kizuizi cha kazi. Mimi naona mzaha huo umeficha jambo. Pale ambapo hapana kikao, ukumbi wa muziki huwa ndio kikao. Na atakaye kujua mkutano ule ulijifikiriaje hana budi kuuliza ulisikiliza nini.

Tarehe 25 Septemba Alexander wa Urusi na mfalme wa Prusia waliingia mjini kwa fahari kubwa, wakapokewa na mwenyeji wao, Kaisari Franz wa Austria. Jioni ya pili yake ilichezwa opera ya Beethoven, Fidelio. Kisa chake ni cha mke aliyevaa nguo za kiume akaingia gerezani kumwokoa mumewe, aliyefungwa kwa sababu ya kusema kweli. Na mwisho waziri wa mfalme hutokea, akawafungua wafungwa. Opera hiyohiyo ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini humo mnamo Novemba 1805, juma moja tu baada ya majeshi ya Napoleon kuuteka mji, na miongoni mwa watazamaji walikuwamo maofisa wa Kifaransa. Sasa, baada ya kutengenezwa upya, ilitazamwa na walioshinda. Hapana shaka kila mmoja wao alijiona katika yule waziri anayekuja na funguo. Ni wachache, nadhani, waliojiona katika mkuu wa gereza.

Tamasha kubwa zaidi lilikuwa la tarehe 29 Novemba, katika ukumbi mkubwa wa Redoutensaal, ndani ya jumba la Kaisari, nalo lilikuwa limeahirishwa zaidi ya mara moja, kama mkutano wenyewe. Halikuwa la usiku, lilianza adhuhuri. Beethoven, ambaye masikio yake yalikuwa yamekwisha kudhoofika sana, alileta kazi tatu: simfoni yake ya saba, muziki wa vita wa kuusifu ushindi wa Wellington huko Vitoria mwaka 1813, ambamo ngoma za Waingereza na za Wafaransa husikika zikikaribiana na mizinga ikanguruma, na kantata mpya iliyoitwa Der glorreiche Augenblick, yaani Saa Tukufu. Ndiye yule aliyetaka kumpa Bonaparte simfoni yake ya tatu, kisha akalifuta jina.

Maneno ya kantata yalitungwa na Aloys Weissenbach, tabibu wa upasuaji kutoka Salzburg, ambaye naye alikuwa mzito wa kusikia. Ndani yake Vienna ni mwanamke anayewapokea wafalme, Ulaya nzima yasimama kuwashangilia, na mwishowe wanawake, watoto na wapiganaji huimba kwa zamu. Wajuzi wa muziki huidharau kazi hii, nao wana haki: simfoni ya saba yapigwa duniani kote hata leo, kantata huitwa kwa nadra kutoka kabatini, na haikupigwa chapa mpaka mwaka 1837, mtungaji akiwa amekwisha kufariki miaka 10. Lakini kwa mwanahistoria ina thamani isiyo ndogo, kwa kuwa ndiyo hotuba ya ufunguzi ambayo hapana waziri aliyeitoa. Ilisema kwamba watu wote ni wamoja na kwamba zama mpya zimeanza. Haikusema ni lini wala kwa masharti gani.

Polisi wa siri wa Austria, waliopeleleza kila kitu, waliandika kwamba tamasha lilizidisha mgawanyiko baina ya wapenzi wa Beethoven na wapinzani wake. Liliporudiwa tarehe 2 Desemba, karibu nusu ya viti vilikuwa vitupu.

Sauti ya kantata ile naisikia tena katika karatasi nyingine. Tarehe 8 Februari 1815 madola manane yalitoa tamko la kuilaani biashara ya watumwa. Castlereagh, waziri wa Uingereza, alikuwa amesukumwa na mamia ya maombi ya raia wa kwao, naye alijitahidi. Tamko lilisema biashara hiyo yachukiza ubinadamu na maadili ya watu wote; kisha likaacha kila dola lijichagulie wakati wa kuikomesha. Majuma machache kabla yake, Ureno ilikuwa imepatana na Uingereza kuiacha biashara kaskazini ya ikweta peke yake, nayo ikaahidiwa pauni 300,000 kwa ajili ya meli zake zilizokuwa zimekamatwa.

Kusini ya ikweta ndiko iliko Msumbiji, na Quelimane. Katika miaka iliyofuata, meli za kwenda Brazil zilizidi kupakia watu katika bandari hizo. Kaskazini yake kidogo, katika pwani ya Waswahili, mkataba wa kwanza ulikuja mwaka 1822, baina ya Kapteni Moresby na Seyyid Said bin Sultan, nao ulikataza watumwa kuuzwa kwa raia wa madola ya Kikristo tu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 58 baada ya tamko la Vienna.