Nani Huililia Meli Iliyozama Vitani?

Meli ya abiria ikizama vitani, huenda chini kwa dakika chache, lakini kumbukumbu yake hujengwa kwa miaka mingi. Tukiziweka pamoja Lusitania, Mendi na Khedive Ismail, tunaona kwamba idadi ya maiti siyo inayoamua nani akumbukwe. Kinachoamua ni nani aliyebeba msiba huo, na kwa sanaa gani.

Tarehe 7 Mei 1915, nyambizi ya Kijerumani U-20 iliipiga Lusitania, meli ya Kiingereza, kwa topido karibu na pwani ya kusini ya Ireland. Meli ilizama kwa dakika 18, wakafa watu karibu 1,200, wakiwemo Wamarekani 128. Kilio chake kilipigwa chapa: mabango ya kuandikisha askari, filamu ya katuni ya Winsor McCay ya mwaka 1918, na medali. Medali hiyo ilibuniwa na Mjerumani Karl Goetz kwa kejeli. Upande mmoja meli inadidimia na silaha zimejaa sitahani. Upande wa pili Mauti, mifupa mitupu, yuko dirishani akiwauzia abiria tiketi. Goetz alikosea tarehe, akaandika 5 Mei. Waingereza wakainakili kwa maelfu na kuisambaza, eti ni ushahidi kwamba mauaji yalipangwa mapema. Risasi zaidi ya milioni 4 zilizokuwa kwenye shehena hazikuwa habari ya kubandikwa ukutani. Msiba ukawa silaha ya dola.

Mendi haikupigwa na adui. Alfajiri ya 21 Februari 1917, katika ukungu kusini mwa kisiwa cha Wight, iligongwa na meli ya Darro, ambayo haikuokoa watu. Walikufa zaidi ya Waafrika 600 wa kikosi cha vibarua kutoka Afrika Kusini, watu waliopelekwa vitani bila kupewa bunduki. Bunge la nchi hiyo lilisimama kuwapa heshima, kisha serikali ikawanyima waliohudumu katika kikosi hicho nishani za vita. Waliokaa matanga ni Waxhosa wa Afrika Kusini wenyewe. Mshairi wao S.E.K. Mqhayi aliwatungia marehemu shairi, na masimulizi yakapokezwa kwamba mchungaji Isaac Wauchope Dyobha aliwaita wenzake wafe kama ndugu, wakacheza ngoma ya mauti miguu mitupu huku sitaha ikiinama. Wanahistoria hawajaipata ngoma hiyo katika maandishi ya wakati ule. Hata hivyo, imedumu kwa sababu iliwarudishia marehemu kile walichonyimwa na serikali: hadhi ya askari. Mwaka 2003 taifa likakubali, likaanzisha nishani ya ushujaa kwa jina la Mendi.

Khedive Ismail ni yetu. Meli hii ya abiria iliyogeuzwa kubeba askari iliondoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili, ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Manowari za Kiingereza, zikiiwinda nyambizi, zilitupa mabomu majini palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake.

Je, sisi tulikosa chombo cha kuwalilia? Hapana. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, katika pwani ya Mrima, na Shaaban Robert akatunga Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, vilevile vilivyoizamisha Khedive Ismail. Utenzi ni bahari inayotosha majina, tarehe na dua. Lakini jina la Khedive Ismail bado ni geni kwa wasomaji wengi wa Kiswahili. Wapiga mizinga hao wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita Nairobi, na jiwe humsemesha aliyelifikia tu.

Hatuhitaji kuiga bango la Lusitania. Tujifunze kwa Waxhosa, ambao hawakuisubiri serikali. Washairi wa Mombasa, meli hiyo iling'oa nanga bandarini kwenu; utenzi wake mnadaiwa ninyi.