Kiwanja na kura: tangu karatasi ya kijani hadi uchaguzi usiofika

Tarehe 20 Desemba 2023, Wakongomani walipanga mstari kuchagua rais na wabunge. Kiwanja, mji mdogo wa wilaya ya Rutshuru, zaidi ya kilomita 70 kaskazini mwa Goma, haukupanga mstari. Kwa sababu ya vita, tume ya uchaguzi CENI iliacha nje wilaya za Rutshuru na Masisi, pamoja na Kwamouth huko magharibi mwa nchi. Familia nyingi za Kiwanja zilikuwa zimekwisha kuhama. Ili kuelewa walichokosa siku ile, inafaa kukumbuka walivyokuwa wakipiga kura.

Wazee wa Rutshuru walijua kwanza kura isiyo na chaguo. Mwaka 1970 Mobutu alikuwa mgombea peke yake. Mpiga kura alipewa karatasi mbili: ya kijani kwa kumkubali, nyekundu kwa kumkataa, na kila mtu alijua ni ipi ya kutumbukiza. Mwaka 1977 na 1984 mgombea alikuwa yuleyule.

Kwa hiyo mwaka 2006 ulikuwa jambo kubwa. Wagombea wa urais walikuwa 33, na wa bunge zaidi ya 9,000 kwa viti 500. Vita vya tangu 1996 vilikuwa vimewachosha watu. Katika duru ya pili, Oktoba 2006, Joseph Kabila alipata zaidi ya kura 9 kwa kila 10 katika Kivu ya Kaskazini, na 58% katika nchi nzima. Azarias Ruberwa wa RCD, kundi lililoshika utawala wa Goma na Rutshuru kwa silaha tangu 1998, hakufikia hata 2% katika duru ya kwanza. Raia walionyesha kwamba kutawala watu kwa bunduki si kupendwa nao. Kura yao ilikuwa ya amani kuliko ya chama.

Kwa bunge, hesabu ilikuwa nyingine. Wilaya yote ni jimbo moja la uchaguzi lenye viti kadhaa, na mpiga kura anachagua jina moja tu. Kwa hiyo Wahutu, Wanande, Wahunde, Watutsi na wengine, kila jamii ilitafuta mtoto wake wa kuipeleka Kinshasa. Watu waliuliza kwanza mgombea ni wa nani na ametokea kijiji gani, ndipo wakauliza chama. Mtu huyohuyo aliweza kuchagua rais kwa ajili ya amani na mbunge kwa ajili ya ukoo. Si ujinga: pale serikali iko mbali, ndugu ndiye mlango unaojulikana.

Lakini amani haikukaa. Novemba 2008, wapiganaji wa CNDP waliua raia Kiwanja, karibu kabisa na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Human Rights Watch ilihesabu watu wasiopungua 150. Machi 2009, Vital Kamerhe, aliyelalamikia kuingizwa kwa jeshi la Rwanda bila bunge kuarifiwa, aliacha kiti cha spika. Mwezi huohuo, tarehe 23, serikali ilitia sahihi mapatano na CNDP, na tarehe hiyo ndiyo iliyozaa jina la M23. Mwaka 2011 kura za Kivu ziligawanyika. Kamerhe alishika nafasi ya tatu, na Kabila alishinda kwa chini ya 49%, katika uchaguzi wa duru moja tu.

M23 walishika Kiwanja tangu Julai 2012 hadi Oktoba 2013. Desemba 2018 Rutshuru walipiga kura tena, wakati majirani zao wa Beni na Butembo waliambiwa wangoje hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Walipofikiwa, rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Emmanuel Ramazani Shadary, mtu wa Kabila, alikuwa wa tatu kitaifa. Waliopigiwa kura kwa ajili ya amani mwaka 2006 walikuwa wamemaliza deni lao.

Mei 2021 hali ya dharura iliweka wanajeshi kuongoza jimbo, na wabunge wa jimbo wakasimamishwa. Oktoba 2022 M23 waliingia Kiwanja tena. Njia ya Goma ikajaa mama wenye watoto na magodoro kichwani, na wengi wakaishia Kanyaruchinya.

Katika vitu walivyobeba kulikuwa kadi ya mpiga kura. Nchini Kongo, kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi: inaonyeshwa kwenye vizuizi vya barabarani, kwenye simu, kwenye benki. Imeandikwa pia mahali mtu alipotoka. Kwa aliyehama, inathibitisha kwamba ana kwao. Iliyokosekana mwaka 2023 ni siku ya kuitumia kwa kazi iliyotengenezewa.

Kiwanja kiliwahi kuwapa viongozi kura ya amani. Siku uchaguzi utakaporudi, wagombea wataulizwa kwanza swali lile la 2006: nani atawarudisha watu nyumbani, na wakae?