Plagi Ikiruka Kwenye Hedi, Usikimbilie Kununua Nyingine

Juma lililopita kijana wa bodaboda alinijia gereji akiisukuma pikipiki yake, plagi ikining'inia kwenye waya kama samaki kwenye mshipi. "Ami, nimeambiwa hedi imekufa, ninunue nyingine." Pikipiki si yake. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenyewe, na siku isipozunguka hesabu yadaiwa vile vile. Nilipotia tochi tunduni nikaona hedi ni nzima. Zilizokufa ni nyuzi zinazoshika plagi, zile mafundi twaita tredi, na hizo zatengenezeka.

Hedi za pikipiki, tuktuk na mashine za boti ni za alumini, madini laini. Plagi ni ya chuma. Wawili hawa wakigombana anayeumia ni alumini siku zote. Zaidi ya hayo, alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hivyo ukifungua plagi injini ikiwa moto wazikokota nyuzi pamoja nayo. Mimi mwenyewe hedi yangu ya kwanza niliiua hivyo nikiwa mwanafunzi wa gereji, kwa haraka ya mteja aliyekuwa amesimama juu ya kichwa changu. Ngoja ipoe. Saa moja haimfilisi mtu.

Sababu nyingine ni kuanza kukaza na spana kabla ya plagi kushika kwa mkono, ikaingia upande. Au kukaza kupita kiasi. Au kuilegeza mno, mpaka ikacheza na kuzila nyuzi kidogo kidogo. Kumbuka plagi ya milimita 12, moto unapowaka ndani, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa mfuko wa saruji. Injini ya stroki nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, msukumo huo waja mara 3,000.

Lakini sababu ambayo watu hawaijui ni urefu wa plagi. Kwenye plagi nyingi za NGK herufi ya kwanza ni unene: B ni milimita 14, D ni 12, C ni 10. Herufi ya baada ya namba ya joto ni urefu wa nyuzi: E ni milimita 19, H ni 12.7. Kwa hivyo D8EA na B7HS haziingiliani hata kidogo. Ukiweka fupi kwenye hedi ya ndefu, nyuzi za chini zabaki wazi na kujaa masizi, na siku utakaporudisha plagi ya sawa itazipasua ikipita. Ukiweka ndefu kwenye hedi ya fupi, huenda ikagonga pistoni. Peleka dukani plagi yako kuukuu. Usiseme tu "nipe ya pikipiki".

Sasa matengenezo. Ikiwa ni uzi mmoja au miwili ya juu iliyopinda, tapu ya kipimo kile kile, iliyopakwa grisi na kuzungushwa kwa mkono, yatosha kuinyoosha. Zikiwa zimeng'oka, tundu lazima lipanuliwe na kuwekewa nyuzi mpya za chuma. Njia ni mbili. Ya kwanza ni helikoili, waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi. Ya pili ni bushi, kijibomba chenye nyuzi ndani na nje na ukingo juu. Kwa plagi mimi nachagua bushi. Helikoili ni nzuri, ila plagi hufunguliwa mara kwa mara, na siku moja springi yaweza kutoka nayo. Bushi hukaa. Ukikosa ya dukani, fundi wa leithi atakuchongea, mradi hedi iwe na nyama ya kutosha kuzunguka tundu.

Vua hedi. Najua wako wanaofanya ikiwa juu ya injini, wakipaka tapu grisi ili inase vumbi la alumini. Mimi pia nimefanya, kwenye boti iliyokuwa yangojewa na wavuvi. Lakini chembe moja ikibaki ndani itachora silinda, na hedi ya pikipiki ni nati chache tu na gasketi mpya. Ikishavuliwa, panua tundu likiwa wima kabisa. Likienda upande plagi haitakaa sawa na moshi utavuja. Tapu izungushe nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili ikate na kumwaga. Safisha na petroli, kausha, paka gundi ya nyuzi inayostahimili joto, ingiza bushi mpaka ukingo ukae. Kisha geuza hedi uangalie upande wa moto: bushi isichomoze hata kidogo. Chuma kinachochomoza huwa chekundu kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati, na pistoni ndiyo hutoboka.

Kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni na kutoboa upya kwawezekana, lakini joto hupinda hedi, na itabidi isawazishwe. Hiyo ni ya tundu lililopasuka. Kuhusu wanaozungushia plagi karatasi ya sigara, uzi wa katani au gundi ya dukani, na wanaolazimisha plagi nene ijikatie njia, nimeshapokea hedi zao nyingi; hizo ndizo kweli hununuliwa nyingine.

Kurudisha plagi, ikaze kwa mkono hadi ifike. Ikiwa mpya na ina washa yake, ongeza nusu mzunguko kwa spana. Ikiwa ya zamani, washa ishabonyea, gusa tu kidogo. Usipake grisi kwenye nyuzi, kwani hukufanya ukaze zaidi ya ulivyokusudia. Washa injini, mwagia maji ya sabuni kuzunguka plagi, utazame povu.

Ya yule kijana haikutoa povu. Aliondoka kabla ya magharibi, na nikamwambia arudi baada ya siku mbili, injini ikiwa baridi, niijaribu plagi kwa spana tena.