Skrini ya 4K kwa kazi za ofisini: mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Skrini ya kompyuta iitwayo 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo. Jumla yake hupita milioni 8, mara nne ya nukta za Full HD. Hata hivyo, hesabu hiyo peke yake haimfai sana mnunuzi. Kwa mtu ashindaye akisoma na kuhariri maandishi, lililo muhimu ni wingi wa nukta katika kila inchi: Full HD ya inchi 24 ina takriban 92, ilhali 4K ya inchi 27 hufikia 163, na herufi zake hukaribia zile za kitabu kilichochapwa vizuri.

Wembamba huo wa nukta hufanya maandishi yawe madogo mno, hivyo watumiaji wengi hulazimika kuyakuza hadi asilimia 150. Nafasi ya kazi inayobaki ni sawa na ya skrini ya nukta 2,560 kwa 1,440, wala si mara nne kama wauzaji wapendavyo kudokeza.

Hasara kubwa zaidi hutokea kwenye kompyuta yenyewe, hasa iliyokwisha kutumika. Tundu la HDMI 1.4 hupitisha picha za 4K 30 tu kwa sekunde. Kishale hujikokota, na mwenye skrini hudhani ameuziwa mbovu. HDMI 2.0, iliyotolewa mwaka 2013, hufikisha 60, na DisplayPort 1.2 vilevile, mradi waya nao uwe wa kiwango hicho.