Msikiti Mkuu wa Kilwa: Ushuhuda wa Msafiri na Ushuhuda wa Jiwe

Wanaochunguza historia ya Waswahili huanza, mara nyingi, na maneno ya wageni. Mmoja wa wageni hao ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Kitabu chake chajulikana vyuoni mwetu. Msikiti wa Ijumaa wa mji ule nao haujatoweka: magofu yake yangalipo kisiwani Kilwa, katika Mkoa wa Lindi, Tanzania. Basi mwenye kuuzuru msikiti huo ana mashahidi wawili, maandishi na jengo. Makala hii yataka kuonyesha kwamba kila mmoja wao hunyamazia jambo ambalo mwenziwe hulisema, na kwamba sisi tulio bara tuna haki, tena wajibu, ya kuwauliza wote wawili.

Tuanze na jengo. Msikiti una sehemu mbili. Ile ya kaskazini, yenye mihrabu, ndiyo ya zamani zaidi. Ilijengwa katika karne ya 11 au ya 12. Ilikuwa na paa la bapa lililochukuliwa na safu za nguzo. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliongeza upande wa kusini ukumbi mkubwa kuliko ule wa awali. Ukumbi huo uliporomoka, ukajengwa upya katika karne ya 15, na matao na kuba zionekanazo leo ni za wakati huo. Waliochimbua magofu hayo katika miaka ya 1960, wakiongozwa na Neville Chittick, walizitambua hatua hizo kwa kulinganisha kuta, misingi na vigae.

Vifaa vya ujenzi vyafunza mengi. Mawe ni matumbawe. Yale ya kuta yalichimbwa ardhini. Yale ya kuchongwa kwa ufundi yalikatwa baharini yakiwa mabichi na laini, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Boriti zilikatwa mikokoni, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba katika majengo mengi ya pwani. Hapa lapatikana jibu kwa wale waliodai zamani kwamba miji hii ililetwa na wageni ikiwa tayari. Dini ilitoka ng'ambo, na fundi aweza kuwa alijifunza mengi kutoka ng'ambo. Lakini kipimo cha nyumba kilitoka katika miti na mawe ya pwani yenyewe.

Sasa tumsikilize msafiri. Ibn Battuta aliusifu mji kwa uzuri wake, lakini maandishi yake, kama yanavyosomwa na wengi, yasema kwamba ulijengwa kwa mbao na kuezekwa kwa matete. Inakuwaje, hali ukumbi wa mawe ulikuwa umesimama kwa vizazi vingi kabla hajafika? Tukumbuke kwamba hakuandika papo hapo. Alimsimulia mwandishi wake, Ibn Juzayy, huko Fez, na kazi ikamalizika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baadaye. Tena yawezekana kwamba nyumba za watu wengi zilikuwa kweli za miti, na jiwe lilikuwa la msikiti na la wenye mali. Katika jambo hili jengo lasahihisha kitabu.

Lakini kuna jambo ambalo kuta haziwezi kulisema, na kitabu chalisema waziwazi. Ibn Battuta asimulia kwamba Ijumaa moja, sultani alipotoka kuswali, maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba mavazi aliyovaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akampa. Mwanawe akayakomboa mavazi yale kwa watumwa 10. Sultani aliposikia watu wakimshukuru kwa ukarimu wake, akaamuru yule mtu aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msafiri huyo aeleza pia kwamba sultani alikuwa akishambulia nchi za Wazanji mara kwa mara, na kwamba fungu la tano la nyara lilitengwa kwa matumizi yaliyoamriwa na dini.

Mwandishi alikisimulia kisa hiki kama sifa. Msomaji wa bara hawezi kukomea hapo. Watu 20 wametolewa zawadi karibu na mlango wa msikiti, wala hatuambiwi jina la hata mmoja wao. Hatuna ushahidi kwamba watumwa ndio waliolijenga jengo hili, na utajiri mkubwa wa Kilwa ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala. Hata hivyo, ukarimu uliosifiwa pale ulilipwa kwa watu na kwa pembe.

Bidhaa hizo mbili twazifahamu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyopitia Tabora na Ujiji ilifika Maniema kutafuta pembe na watumwa. Nyangwe na Kasongo zikawa vituo vyake vikuu. Njia hizo si zile za Kilwa ya kale, na karne tano zazitenga. Lakini ni kwa misafara hiyo Kiswahili kilianza kuenea mashariki mwa Kongo, ambako leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Hivyo lugha tunayoifundisha ilitufikia pamoja na mzigo wake.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Ni haki yao. Mwanafunzi wa Kongo akipata nafasi ya kuvuka mlango ule wa bahari kutoka Kilwa Masoko, na autazame ufundi wa kuba bila kuuonea haya, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya Kiafrika. Na akiwa chini ya kuba hizo awakumbuke pia wale 20. Historia ya Waswahili itakayowaacha nje ya mlango haitakuwa imekamilika.