Jinsi ya kuupa mvumo wimbo uliorekodiwa nyumbani bila kuuharibu

MWANAMUZIKI chipukizi anayerekodi nyumbani kwa kompyuta na maikrofoni moja aghalabu hukumbwa na fadhaa moja. Akiucheza wimbo wake baada ya ule wa msanii mashuhuri, wake husikika mnyonge, kana kwamba unatoka chumba cha pili. Papo hapo hushawishika kuinua sauti hadi ukomo wake. Hapo ndipo nyimbo nyingi nzuri huharibikia.

Kazi ya kuutayarisha wimbo kwa mara ya mwisho kabla ya kuutoa huitwa masteringi. Hufanywa baada ya ala na sauti zote kuchanganywa kuwa faili moja. Miongoni mwa shabaha zake ni kuupa wimbo mvumo unaolingana na wa nyimbo nyingine.

Vilele na wastani

Sauti ya kidijitali ina dari isiyopitika, ambayo hupewa alama ya desibeli 0. Wimbi lolote linalojaribu kuipita dari hiyo hukatwa kichwa, na likizidi msikilizaji husikia mkwaruzo.

Hata hivyo, sikio la binadamu halipimi ukubwa wa sauti kwa vilele vya muda mfupi, bali zaidi kwa wastani wake. Pigo moja la ngoma laweza kugusa dari ilhali uimbaji na gitaa vimebaki chini mno. Wimbo kama huo hauwezi kuinuliwa zaidi, ingawa bado unasikika mdogo. Siri basi ni kupunguza pengo lililopo kati ya vilele na wastani, bila kuliziba kabisa.

Tiba huanzia kwenye mchanganyo

Mafundi stadi huianza kazi hii kabla ya masteringi yenyewe. Mngurumo ulio chini ya hezi 30, ambao spika nyingi ndogo haziwezi hata kuutoa, hula nafasi bure. Huondolewa kwa ikwalaiza. Neno lililoimbwa kwa nguvu kupita mengine hushushwa, na pigo la ngoma linalochomoza hutulizwa peke yake. Besi na ngoma kubwa zikigombania nafasi moja, mojawapo hupunguzwa ili nyingine isikike.

Faili hiyo huhifadhiwa kwa biti 24, vilele vyake vikiwa desibeli 3 hadi 6 chini ya dari.

Wakati wa masteringi, kompresa hutumiwa kwa upole: uwiano wa 2 kwa 1, ikipunguza desibeli 1 au 2 tu. Chombo cha mwisho ni limita, ambayo huzuia vilele visipite kiwango kilichowekwa. Kiwango hicho huwa desibeli 1 chini ya dari, kwa kuwa faili inapogeuzwa kuwa MP3 au AAC vilele huweza kuchomoza upya.

Kisha sauti huinuliwa kidogo kidogo. Ikiwa limita inakata zaidi ya desibeli 3 hivi na ngoma zimeanza kupoteza mshindo, inafaa kurudi kwenye mchanganyo badala ya kuzidi kusukuma.

Fauka ya hayo, sikio hudanganyika upesi: sauti kubwa zaidi hudhaniwa kuwa bora zaidi. Kwa hivyo, wimbo wa kabla na wa baada ya masteringi hulinganishwa vikiwa na mvumo sawa.

Mashindano yasiyo na mshindi

Katika enzi ya CD, kampuni za muziki zilishindana kutoa nyimbo zenye mvumo mkubwa kupindukia. Mnamo 2008, kundi la Metallica la Marekani lilipotoa albamu ya Death Magnetic, maelfu ya mashabiki walitia saini ombi la kutaka ichanganywe upya. Nyimbo zizo hizo zilisikika safi zaidi katika mchezo wa video wa Guitar Hero, ambako hazikuwa zimebanwa kiasi hicho.

Siku hizi mashindano hayo yamepungukiwa na maana. Mnamo 2006, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) lilitoa kanuni ya kupima mvumo jinsi sikio linavyousikia, na kipimo chake hujulikana kama LUFS. Kwa kawaida, Spotify husawazisha nyimbo zifikie takriban LUFS -14. Wimbo uliosukumwa hadi -8 hushushwa desibeli 6 msikilizaji asiyebadilisha mpangilio huo anapoucheza. Mvumo aliouhangaikia msanii hutoweka, lakini mshindo uliopotea haurudi.

Ndiyo maana ni muhimu kuihifadhi faili ya mchanganyo kabla ya kuutia wimbo limita. Masteringi yaweza kurudiwa hata baada ya miaka, maadamu asili ipo. Wahenga walinena kuwa debe shinda haliachi kutika. Wimbo uliojaa hauhitaji kupiga kelele ili usikike.