Mzigo na Mgongo: Habari za Wachukuzi katika Nchi ya Buha

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mtu asiyeubeba mzigo huuona mwepesi siku zote. Leo twataka kuishika methali hiyo mkononi kama taa, tukiangalia habari za wachukuzi katika nchi ya Buha, yaani milima ya Kasulu na Kibondo, tangu siku za misafara hata siku hizi za malori. Wengi hudhani ya kuwa kubeba mzigo ni kazi ya nguvu tu, wala haina elimu. Sisi twasema sivyo. Kubeba ni ufundi, na ufundi huo una nguzo mbili: ya kwanza, mchukuzi afundishwe namna ya kuinua na kwenda, ya pili, mzigo wenyewe uwe na kipimo. Nguzo moja ikianguka, ya pili haiwezi kusimama peke yake.

Nchi hii imekuwa karibu na njia za mizigo kwa muda mrefu. Upande wa kusini iko Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Wataalamu wa mambo ya kale wameona kwamba chumvi ilipikwa huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wakati wa kiangazi watu wa makabila mengi walikusanyika, Waha miongoni mwao, wakarudi makwao na mizigo ya chumvi. Kisha, katika karne ya 19, ikapita njia kubwa ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Stanley alipita katika Buha mwaka 1871, na watawala wa nchi wakamdai hongo ya nguo mara kwa mara, hata akaona afadhali kuondoka usiku kwa siri pamoja na wapagazi wake. Safari hizo zimeandikwa kwa majina ya mabwana wakubwa, walakini kila jora la nguo lililotolewa kuwa hongo lilikuwa limefika huko juu ya bega la mtu.

Basi watu hao walibebaje? Wanyamwezi, waliokuwa mashuhuri kuliko wote kwa upagazi, walianza kujifunza utotoni: mtoto alipewa kipembe kidogo cha ndovu aende nacho, hata mwili wake ukaizoea kazi. Mpagazi wa nguo hakuubeba mtumba ovyo. Nguo zilikazwa na kufungwa zikawa ndefu kama mto wa kulalia, kisha zikafungiwa fito tatu zenye kupita urefu wa mtumba. Mahali pa kupumzika, mpagazi aliusimamisha mtumba juu ya fito zile, akauegemeza mtini. Faida yake ilikuwa mbili. Nguo hazikulowa kwa umande, tena yeye hakuinama mpaka chini kuuinua wakati wa kuondoka. Alisogeza bega lake, akautwaa mzigo ukiwa umekwisha simama. Hayo ndiyo mafundisho yenyewe, ingawa hayakuandikwa katika kitabu chochote.

Na kipimo je? Mzigo wa kawaida ulikuwa yapata frasila 2, ndiyo ratli 70, au kilo 32 kwa hesabu ya leo. Aliyeuona mzigo wake mzito kupita haki aligombana na mkuu wa msafara, na asiposikilizwa, aliweza kuutupa njiani akatoroka. Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa mema. Misafara mingi ilichukua watumwa pamoja na pembe, na wengi walikufa kwa ndui, njaa na homa. Lakini mpagazi wa ujira alikuwa na nguzo zake mbili: alijua kazi, na alikuwa na ulimi wa kukataa.

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vikaziangusha nguzo zote mbili. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, bali majeshi hayakupigana juu ya reli. Wabelgiji waliteremka kutoka upande wa kaskazini, wakaitwaa Kigoma mwezi Julai 1916, na sehemu hizi zilibaki mikononi mwao mpaka mwaka 1921. Kila jeshi lilitaka wachukuzi wa vyakula na risasi, maana ndorobo waliwaua wanyama wa kubeba. Waingereza na wenzao peke yao walitumia yapata watu milioni moja katika vita vile. Wengi walikuwa wakulima na wachungaji, si mafundi wa upagazi. Walikamatwa vijijini, wakatwishwa mizigo, wakapelekwa nchi za baridi au za mabwawa ambazo hawakuzizoea. Hawakufundishwa, wala hawakuwa na ruhusa ya kukataa. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa upande huo walikaribia laki moja, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na uchovu. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo, mahali pa Dar es Salaam panapojulikana na kila mfanyabiashara wa Kasulu. Wengi hulitaja jina hilo kila siku, wasijue kwamba wanawataja wachukuzi.

Baada ya hayo dunia ikaanza kuona haya. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mkataba juu ya kazi za kulazimishwa. Mkataba ule ulitaka upagazi wa lazima ukomeshwe upesi iwezekanavyo, na kabla ya kukomeshwa, mchukuzi athibitishwe na daktari kuwa ana afya, tena uwekwe mpaka wa uzito wa mzigo, wa umbali kutoka kwao, na wa siku za kazi. Mwaka 1967 mkataba mwingine ukafuata, juu ya mizigo tu. Huo wasema mtu asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba mzigo ambao uzito wake waweza kumdhuru, na kila abebaye mizigo isiyo myepesi afundishwe kwanza. Shauri lililotolewa pamoja nao lilitaja kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanamume mzima, na kwa wanawake na vijana pungufu zaidi. Tazameni: ni nguzo zetu zile zile mbili.

Wakati huo vijana wa Kasulu na Kibondo walikuwa wamekwenda kubeba mbali na kwao. Tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilikuwa na ofisi yake ya kutafuta wafanya kazi, iliyoitwa SILABU, na Waha wengi walisafirishwa hadi Tanga, wakaitwa manamba. Huko walikata majani, wakayafunga mafungu, wakayachukua mpaka kwenye njia ya vigari. Kazi ilihesabiwa kwa mafungu, mgongo haukuhesabiwa.

Je, leo? Simameni sokoni siku ya mnada, mtazame makuli wakipakia maharage na mahindi katika lori. Serikali imekataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na mpaka wa gunia la mazao umewekwa kilo 100. Ni sheria njema, kwa kuwa humlinda mkulima asipunjwe. Lakini pimeni: gunia halali la kilo 100 ni zaidi ya mara tatu ya mtumba wa frasila 2, na karibu mara mbili ya kilo 55. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yampa mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake. Bali kuli wa mnadani, mwajiri wake ni nani? Mwenye gunia asema ni mwenye lori. Mwenye lori asema ni mwenye gunia. Kiuno kikivunjika, chawa cha mwenye kiuno peke yake.

Basi na tuseme yafaayo kufundishwa. Shika jembe kwa mwisho wa mpini, ukinyosha mkono mbele. Kisha lishike karibu na chuma. Jembe ni lile lile, lakini uzito wauhisi mbalimbali. Ndivyo ulivyo mzigo ulio mbali na kifua: huuvuta uti wa mgongo kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake. Kwa hiyo, kwanza itazame njia, uondoe mawe na utelezi. Ujaribu mzigo kwa kuutikisa kabla ya kuuinua. Tenga miguu, mmoja mbele kidogo. Kunja magoti, ukumbatie mzigo karibu na mwili, uinuke kwa nguvu za mapaja. Usigeuze kiuno ukiwa umebeba. Geuka kwa miguu. Mkiwa wawili, mwe wa kimo kimoja, na mmoja atoe sauti. Mahali pa kutumia mkokoteni, usitumie mgongo. Na kama walivyofanya wapagazi wa zamani, weka mzigo juu ya kichanja cha kimo cha kiuno, usiulaze chini.

Walakini tusidanganyane. Wataalamu waliochunguza kazi hizi wameona kwamba mafundisho peke yake, mzigo ukibaki mzito vile vile, hayapunguzi sana maumivu ya mgongo. Kumfundisha mtu kuinua kilo 100 vizuri ni sawa na kumfundisha kuanguka vizuri. Kwa hiyo twawaomba wenye vyama vya ushirika, wenye maghala na wafanyabiashara wa milima yetu waanze na gunia lenyewe: gunia moja la kilo 100 likigawanywa kuwa mawili ya kilo 50, mazao hayapungui hata punje. Nanyi vijana mnaobeba, ulizeni uzito kabla ya kuuliza ujira. Nguo za misafara zimekwisha oza, na mafungu ya mkonge yamekwisha kuwa kamba. Mgongo wa mtu haununuliwi dukani.